Mwaka wa Hesabu Hauonekani kwa Wiki Nane

Tangu vyuo vyetu vianze kuweka vipindi virefu vya kujifunzia kazini ndani ya shahada, mazungumzo ninayoyasikia Arusha na Moshi yanazunguka maswali mawili. Mzazi anauliza kama mwaka ukiisha mwanawe ataajiriwa hapo hapo. Mwanafunzi anauliza kama atalipwa. Yote ni maswali ya haki, na la pili nitalirudia kwa kirefu kwa sababu lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Lakini ukisikiliza vizuri, wote wawili wanalichukulia jambo hili kama fildi iliyorefushwa, yaani zile wiki nane za mafunzo kwa vitendo tulizozizoea, sasa zimezidishwa mara sita. Hapo ndipo tunapokosea. Kwa mwanafunzi wa uhasibu, mwaka mmoja ndani ya kampuni kubwa ya ukaguzi ni kitu cha aina nyingine kabisa, kwa sababu kazi ya hesabu ina mwaka wake, wenye kufunguliwa na kufungwa, na aliyekaa pungufu ya hapo bado hajaiona kazi yenyewe. Hiyo ndiyo hoja yangu, nayo inazaa nyingine: kama kipimo ni mwaka mzima, lazima apatikane wa kuugharamia mwaka mzima. Bila hivyo, nafasi hizi zitabaki kuwa za watoto wenye ndugu Dar es Salaam.

Tuanze na tulipo. Chuo cha Uhasibu Arusha, pale Njiro, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1990, leo kina shahada zinazobeba neno uanagenzi kwenye majina yake, katika fani kama benki na bima. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 nalo linasukuma elimu nzima kuelekea ujuzi wa kutenda. Kwa Moshi wazo hili si geni hata kidogo. Chuo cha Ushirika kilianzishwa 1963, miaka thelathini baada ya KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya Kilimanjaro, kuundwa mwaka 1933, na kilizaliwa na mahitaji ya vyama vilivyokuwa vikiuza kahawa ya wakulima na kutafuta watu wa kushika vitabu vyake. Chuo hicho, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, hakikuanza kwa kutenganisha darasa na ghala. Utengano huo tuliuzoea baadaye, wanafunzi walipoongezeka na ofisi za kuwapokea zikabaki zile zile.

Utaratibu tulio nao unajulikana kwa kila aliyepita chuo. Mwanafunzi anaandika barua kumi na tano za kuomba nafasi, anazigawa kwa miguu kutoka Mnara wa Saa kushuka Barabara ya Sokoine, anajibiwa mbili. Julai au Agosti anaingia ofisini, anaonyeshwa kiti karibu na kabati la mafaili, na kuanzia hapo anaitwa "yule wa fildi". Mwalimu wa chuo anakuja mara moja kumtembelea. Kitabu cha kumbukumbu za kila siku kinajazwa kwa mkupuo wiki ya mwisho na kupigwa mhuri. Bodi ya Mikopo, kwa mnufaika aliyepangiwa fungu la mafunzo kwa vitendo, imekuwa ikitoa shilingi 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, sawa na shilingi 560,000. Ni fedha iliyowasaidia wengi, na sitaki kuibeza. Ninachosema ni kwamba mfumo wote huu, kuanzia barua hadi fungu la mkopo, ulipimwa kwa urefu wa likizo ya chuo. Urefu wa kazi yenyewe haukuwa kipimo.

Kazi ina kalenda yake. Sheria ya Kodi ya Mapato inauhesabu mwaka wa mapato kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba, na anayetaka tarehe nyingine humwomba ruhusa Kamishna. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi binafsi hufunga vitabu 31 Desemba. Januari wakaguzi wanaingia. Ifikapo 31 Machi mteja anatakiwa awe amepeleka TRA, mamlaka ya mapato, makadirio ya kodi ya mwaka mpya na kulipa awamu ya kwanza. Ifikapo 30 Juni, miezi sita baada ya kufunga, ritani ya mwisho ya mwaka uliopita iwe imewasilishwa. Katikati ya hayo kila mwezi una miiba yake: kodi za mishahara ndani ya siku saba za mwezi unaofuata, VAT tarehe 20. Mtu akikwambia ofisi ya ukaguzi ina msimu, anamaanisha miezi hiyo ya Januari hadi Juni, ambapo taa haizimwi saa kumi na moja jioni na Jumamosi ni siku ya kazi kama nyingine. Sasa tazama mwanafunzi wetu anaingia lini. Anaingia Julai, msimu unapokatika. Mahindi yameshafika ghalani, watu wanachukua likizo zao, waliobaki wanapanga mafaili ya msimu uliokwisha, na yeye anapewa kupanga mafaili. Halafu anarudi chuoni akisema ofisi ile haifundishi kitu. Mara nyingi wenyeji wake hawana ubaya wowote. Wiki hizo hakuna kazi ya kumfundishia.

Wanaopinga hoja yangu watasema wako wanafunzi wanaokwenda serikalini, na mwaka wa serikali unafungwa 30 Juni. Ni kweli, na nakubali. Anayepangiwa halmashauri Agosti anakuta wahasibu wanaandaa taarifa za fedha za kupeleka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG), kazi inayopaswa kukamilika katika miezi mitatu baada ya mwaka kuisha. Huyo anaona jasho la kufunga hesabu. Hata hivyo haoni kinachofuata: hoja za wakaguzi zinapoanza kuingia, majibu yanapotafutwa kwenye maboksi ya vocha, na ripoti ya CAG inapofika kwa Rais mwishoni mwa Machi ikiwa na hati safi au hati yenye shaka juu ya kazi ile ile aliyoisaidia kuandaa. Ameona nusu moja ya mwaka, na nusu hiyo haimwambii kama kazi aliyoishika ilikuwa sawa.

Niingie ndani kidogo, kwa mfano wa biashara ambayo Arusha inaijua kuliko mji mwingine wowote nchini. Mgeni wa Ujerumani anaweka nafasi ya safari ya Serengeti mwezi Oktoba, kwa ajili ya Julai mwaka unaofuata. Analipa sehemu ya fedha papo hapo, kwa dola. Mwanafunzi aliyeko fildi Agosti katika kampuni ya utalii anaona magari yanatoka, viingilio vya hifadhi vinalipwa, ankara zinachapwa. Kila kitu kinaonekana ni mapato. Asichokiona ni 31 Desemba, siku ambayo mhasibu anakaa mbele ya akaunti ya benki iliyojaa na kujiuliza ni kiasi gani cha fedha ile ni chake. Safari ya Julai haijafanyika. Fedha ile ni deni kwa mgeni, inakaa upande wa madeni kwenye mizania mpaka gari litakapoondoka. Juu yake kuna dola zinazopaswa kubadilishwa kuwa shilingi kwenye vitabu, na kiwango cha Oktoba sicho cha Desemba. Mwaka mbaya unaweza kuonekana mzuri kwa sababu tu mtu ameziita amana mapato. Darasani somo hili huchukua saa mbili, lina mfano wenye namba nzuri zisizo na desimali, na mwanafunzi hujibu swali lake kwenye mtihani. Lakini kulielewa ni kuziona amana hizo zikiingia Oktoba, kuzikagua Februari, na kuzikuta Julai zikigeuka mapato mbele ya macho yako. Ni miezi kumi. Huwezi kuiminya iwe wiki nane hata ukiwa na mwalimu bora.

Mfano mwingine niliushuhudia mwenyewe. Ilikuwa 31 Desemba, kwenye godauni moja la vifaa vya ujenzi mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi vinamtaka mkaguzi ahudhurie zoezi la kuhesabu mali ghalani pale mali hiyo inapokuwa kubwa kwenye hesabu, na nilikuwa nimekwenda na kijana wa chuo aliyekuwa na miezi mitatu ofisini kwetu. Ana karatasi zake kwenye ubao, penseli sikioni, anahesabu mafungu ya mabati. Getini kulikuwa na Fuso limeshapakiwa na kufungwa turubai. Mtunza stoo akamwambia yale yameshauzwa, asiyahesabu. Kijana akanigeukia: "Dada, yameuzwaje na bado yako ndani ya geti?" Nikamwambia aombe hati ya kutolea mzigo. Ilikuwa na tarehe 2 Januari. Akaandika pembeni ya karatasi yake namba ya gari na idadi ya mafungu, tukaondoka. Machi, akiwa anapitia mauzo ya mwisho wa mwaka, alikutana na ankara ya gari lile lile ikiwa imeingizwa Desemba. Alikuja mezani kwangu ameshika karatasi mbili, hata salamu alisahau. Mauzo ya mwaka mpya yalikuwa yamevutwa kuongezwa mwaka wa zamani, na mapato ya mwaka huo yalikuwa yamevimba kwa thamani ya mzigo wa gari zima. Kitabu cha kiada kinaliita jambo hili ukomo wa kipindi. Yeye alilijua kwa sababu Desemba aligusa tairi za gari lile, na Machi bado alikuwepo.

Angekuwa wa fildi ya kawaida, Desemba angekuwa darasani na Machi angekuwa darasani. Kwa hiyo ninaposema mwaka mzima, ninasema jambo mahususi: mtu yule yule aliyekusanya ushahidi awepo unapotumika. Kosa alilolifanya Novemba limrudie Februari akiwa bado kwenye kiti kile kile, alione na alirekebishe kwa mkono wake. Huo ndio mzunguko unaomgeuza mtu anayejua kanuni akawa mtu anayeweza kusaini.

Sasa, kwa nini kampuni kubwa? Hapa nina shaka zangu na nitaziweka wazi. Zile nne zinazotajwa kila mara, PwC, Deloitte, EY na KPMG, zina mizizi yake Dar es Salaam, na mwanafunzi wa Njiro au wa Moshi anayezipata mara nyingi analazimika kuhama. Humo ndani anaweza kujikuta mwaka mzima anashughulikia fedha taslimu na benki za wateja watatu, kazi nyembamba sana, wakati mwenzake kwenye ofisi ya wakaguzi wanne hapa Arusha anagusa kila kitu kuanzia mishahara hadi ritani ya kodi. Jina kubwa pia si kinga ya uaminifu. Arthur Andersen ilikuwa miongoni mwa kampuni tano kubwa duniani, ikasambaratika mwaka 2002 baada ya sakata la Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ambamo wafanyakazi wake waliharibu nyaraka za mteja. Wenye vyeo wote wale walikuwa wamepita mafunzo bora. Pamoja na hayo, kuna kitu kimoja ambacho kampuni kubwa hukifanya vizuri na ofisi ndogo mara nyingi hukiacha kwa kukosa muda: kazi ya kila mtu inakaguliwa na mtu mwingine, kwa maandishi. Kijana akimaliza upatanisho wa benki, karatasi yake inarudi na maswali. Hii hundi imelipwa lini? Ushahidi uko wapi? Umejuaje? Anajibu, inarudi tena. Baada ya miezi sita ya kuulizwa "umejuaje" anaanza kujiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa. Hicho ndicho ningependa mwanafunzi akifuate huko. Ofisi yoyote ya Arusha au Moshi yenye nidhamu hiyo, hata iwe ya watu wanane, kwangu inahesabika kuwa kubwa. Na wanafunzi wa ushirika wana njia nyingine ambayo haitumiki inavyostahili, kwa sababu vyama vya ushirika hukaguliwa pia, na shirika la umma la ukaguzi wa ushirika, COASCO, lina kazi hiyo.

Kuna wanaosema mwaka mzima ni kupoteza muda, kwamba uzoefu ataupata akishaajiriwa na chuo ni mahali pa nadharia. Katika hoja zote nilizozisikia, hii ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa husemwa kwa kujiamini sana na mara nyingi na watu walioajiriwa enzi ambazo shahada peke yake ilitosha. Fungua tangazo lolote la kazi ya uhasibu leo usome mstari wa sifa za mwombaji. Anatakiwa mwenye uzoefu. Ili NBAA, bodi ya wahasibu iliyoundwa kwa sheria ya 1972, imsajili mtu kuwa CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa, kufaulu mitihani hakutoshi, lazima awe na miaka mitatu ya kazi. Kwa hiyo tunamwambia kijana uzoefu ataupata kazini, na kazini wanamwambia aje na uzoefu. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hoja hii inasahau darasa. Yako mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, ya serikali na ya kampuni binafsi, na ni mazuri, lakini yanakuja baada ya shahada. Aliyejifunza kule harudi tena kukaa mbele ya mwalimu. Anayekwenda katikati ya masomo anarudi, na mwaka wake wa mwisho unabadilika. Anasikiliza somo la ukaguzi akiwa na Fuso kichwani. Anamuuliza mwalimu swali ambalo halimo kwenye slaidi, na mwalimu, kama ana moyo, anakwenda kulitafuta jibu. Faida hiyo inawafikia hata wenzake ambao hawakutoka kabisa.

Wengine wanataja akili mnemba, kwamba programu zitafanya kazi zote za wakaguzi wachanga na hivyo hakuna haja ya kumweka kijana ofisini mwaka mzima kujifunza kinachokufa. Kulinganisha ankara na leja ni kweli kunaelekea kuwa kazi ya mashine, na sitalilia hilo. Lakini lile gari la Unga Limited halikuwemo kwenye data ya mtu yeyote mpaka kijana alipoandika namba yake kwa penseli. Programu ingelinganisha ankara ya Desemba na mauzo ya Desemba, ikaona vinaoana, ikasonga mbele.

Hoja nzito dhidi yangu ni ile ya unyonyaji. Wanaoisema wana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu tumeona vijana waliohitimu wakizungushwa kwa jina la kujitolea mwaka wa kwanza, wa pili, wanafungua ofisi asubuhi na kuifunga jioni, na nauli wanakopa. Kwa nini mwaka huu usiwe hivyo hivyo? Nimelifikiria sana, na jibu langu linaanzia kwenye namna kampuni za ukaguzi zinavyopata fedha. Mkaguzi huuza saa. Ada ya mteja hukadiriwa kwa saa za kila aliye kwenye timu, kuanzia mshirika mwenye saini hadi mdogo kuliko wote, na kila mmoja hujaza taimshiti ya siku yake. Mwanafunzi akishakuwa kwenye timu, akahesabu mabati na kufuatilia barua za uthibitisho za benki, saa zake zimeingia kwenye kazi iliyouzwa. Kampuni haiwezi kumtoza mteja kwa saa hizo kisha ikamwambia aliyezifanya kuwa alikuwa anajifunza tu. Upande wa pili nao una ukweli wake: miezi miwili au mitatu ya mwanzo kijana ni mzigo, kuna mtu mwandamizi anaacha kazi yake kumwelekeza, na makosa yake yanarudiwa na wengine usiku. Nimekuwa mtu huyo mwandamizi, najua gharama yake. Ila kwa mwaka mzima mizani inageuka, kwa sababu kijana aliyeanza kwa kuuliza kila kitu Oktoba anaendesha sehemu yake mwenyewe Aprili. Wiki nane hazimpi mwajiri muda wa kurudishiwa alichowekeza, ndiyo maana hawekezi. Mwaka unampa. Kwa hiyo urefu ambao watu wanauogopa kuwa chanzo cha unyonyaji ndio unaomwondolea mwajiri kisingizio cha kutolipa.

Wapenzi wa utaratibu huu hupenda kuitaja Uingereza, na ni vizuri waitaje yote. Kule mtindo wa kupishanisha darasa na kazi una zaidi ya karne, ukiwa ulianzia kwa wanafunzi wa uhandisi Sunderland mwaka 1903. Mwanafunzi wa uhasibu husoma miaka miwili, mwaka wa tatu hukaa kwenye kampuni, kisha hurudi kumaliza wa nne. Sheria yao haimlazimishi mwajiri kumlipa kima cha chini mwanafunzi ambaye mafunzo hayo ni sehemu ya shahada yake, kwa kipindi kisichozidi mwaka. Lakini kampuni kubwa za uhasibu humlipa mshahara, kwa kuwa zinagombania vijana wazuri. Na vyuo vya England haviruhusiwi kumtoza mwaka huo zaidi ya asilimia 20 ya ada ya kawaida. Hivyo mzigo wa mwanafunzi unapunguzwa pande zote mbili, mwajiri anatoa na chuo kinaachia. Ukichukua mwaka peke yake ukaacha ada ilivyo na mfuko wa mwanafunzi ulivyo, umechukua jina la kitu ukaacha kitu.

Turudi kwenye zile shilingi 560,000. Ukizigawa kwa miezi kumi na miwili unapata chini ya 47,000 kwa mwezi. Mfikirie binti wa Rombo au wa Karatu, mzazi wake anauza ndizi au anapalilia vitunguu vya watu, amepata nafasi kwenye kampuni kubwa jijini Dar es Salaam kwa uwezo wake mwenyewe. Atapanga wapi? Atakula nini tarehe 20 ya mwezi? Na ofisi hizi zina mavazi yake, viatu vyake, kwenda kwa mteja na kurudi saa nne usiku wakati daladala zimepungua. Mwenzake ana shangazi Kinondoni na kitanda kinamsubiri. Wote wawili walifaulu usaili, lakini mmoja tu ataumaliza mwaka. Miaka mitatu baadaye tutamsifu aliyemaliza kuwa ana bidii, na jina la yule mwingine hakuna atakayelikumbuka. Ninaona uchungu kuandika hili kwa sababu si la kufikirika, vijana wa namna hiyo wamepita mbele yangu, wakakataa nafasi kwa adabu, wakasema tu kuna mambo ya nyumbani.

Fedha si kwamba hazipo kabisa. Waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi tayari wanalipa kila mwezi tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile tunayoiita SDL, juu ya mishahara wanayotoa. Jina lake lenyewe linasema kazi yake. Mwajiri anayempokea mwanafunzi kwa mwaka mzima, akamlipa posho inayotosha kuishi, na chuo kikathibitisha, aruhusiwe kukata sehemu ya posho hiyo kwenye tozo anayodaiwa. TRA ina ritani za mwezi, chuo kitakuwa na mkataba wa pande tatu, yaani chuo, mwajiri na mwanafunzi, uhakiki si mgumu kuliko unaofanyika sasa kwenye kodi nyingine. Ofisi ndogo isiyofikia idadi hiyo ya wafanyakazi haitanufaika kwa njia hii, na kwa hizo Bodi ya Mikopo italazimika kutazama upya zile siku 56 kwa wanafunzi walio kwenye shahada zenye mwaka wa kazi. Hata mkopo ungekuwa afadhali kuliko kumwacha achague kati ya kula na kujifunza. Chuo nacho kipunguze ada ya mwaka huo, kwa sababu hakitumii darasa wala taa kwa ajili yake. NBAA iseme kwa lugha isiyo na utata mwaka huu utahesabiwaje kwenye ile miaka mitatu pale mwanafunzi anapofanya kazi chini ya CPA aliyesajiliwa. Likiwekwa wazi hilo, hata mzazi anayelalamika kwamba shahada ya miaka mitatu imekuwa ya minne ataona mwaka haukupotea, umelipwa mapema.

Na mwanzo wa mwaka huo usiwe Julai. Hili halihitaji bajeti wala kikao cha Bunge, linahitaji chuo kikubali kusogeza ratiba yake. Kijana akiingia 1 Oktoba, anapata miezi mitatu ya kujifunza karatasi za kazi zinavyopangwa na kuwajua wateja kabla hajapelekwa ghalani 31 Desemba. Januari hadi Machi anakuwa kwenye timu. Juni anaona ritani zinaondoka. Julai na Agosti, wakati ofisi imetulia, ndiyo miezi ya kupewa mafaili yale yale aliyoyashika akayasome upya bila haraka, pamoja na maswali yote aliyoandikiwa, ajionee mahali alipojibu vibaya mwezi Novemba. Septemba 30 anakabidhi kiti chake kwa mwenzake anayeingia, na anamwelekeza kwa wiki moja. Kwenye faili la kwanza watakalolifungua pamoja kutakuwa na karatasi ya kuhesabia, imekunjika pembeni, yenye namba ya gari iliyoandikwa kwa penseli.